Njia ya Kwenda Ziwa la St. Moritz: Safari ya Motokaa Katika Milima ya Alpi

Leo twataka kufunga safari pamoja nanyi. Hatutachukua mizigo wala hatutalipa nauli, maana safari yetu ni ya fikira tu. Twaenda Ulaya, katika nchi ya Uswisi, nchi ndogo isiyo na bahari, yenye milima mirefu iitwayo Alpi. Tutapanda motokaa katika mji wa Chur, tuvuke mlima, kisha tushuke hata mji wa St. Moritz, ulio kando ya ziwa dogo ambalo wageni kutoka pande zote za dunia huliendea ili kupumzika na kuutazama uzuri wake.

Huenda mtu akauliza, “Yatuhusu nini sisi ziwa la Waswisi?” Jibu letu ni hili. Mgeni apitaye mahali pazuri huona milima, maji na nyumba safi, akasema moyoni, “Hawa wamejaliwa.” Asilolijua ni kwamba mengi ya hayo ayaonayo yaliamuliwa na watu wa mahali pale, tena mara nyingi kwa gharama kubwa. Basi leo hatutatazama uzuri peke yake, bali pia tutauliza ni nani aliyeulipia.

Haya, tuondoke. Mji wa Chur uko futi 1,900 hivi juu ya bahari, na toka hapo hata St. Moritz hazitimii maili 50. Katika nchi tambarare mwendo huo ni mdogo. Lakini njia yetu yapanda kwanza hata kijiji cha Lenzerheide, ikashuka tena bondeni Tiefencastel, ndipo ikaanza kuukwea mlima wenyewe, mpaka kufika katika kipito kiitwacho Julier, chenye urefu wa futi 7,493. Barabara haiendi moja kwa moja, bali yajipinda huku na huku kama nyoka aliyekanyagwa. Kwa nini? Mtazameni mama anayetoka mtoni na mtungi wa maji kichwani. Akifika penye mwinuko mkali haukabili uso kwa uso. Hukata upande huu, kisha upande huu, hata akafika juu bila kumwaga maji wala kuishiwa na pumzi. Njia yake ni ndefu zaidi, lakini kila hatua ni nyepesi zaidi. Mafundi wa barabara za milimani hutumia akili ile ile ya mama mwenye mtungi.

Na katika kushuka, dereva mwenye busara hategemei breki peke yake. Breki ikishikwa muda mrefu hupata moto, na ikizidi kupata moto hulegea. Kwa hiyo yeye hutia gia ndogo, injini yenyewe ikaizuia motokaa isikimbie. Wakati wa theluji hana budi kuwa na magurudumu ya namna ya pekee, na pengine kuyafunga minyororo ili yasiteleze. Haya ni ya kukumbukwa hata na madereva wa kwetu wanaoshuka milima wakati wa masika.

Sasa, tungali njiani, tuwasimulieni jambo litakalowastaajabisha. Jimbo hili tunalolipita huitwa Graubünden. Mwaka 1900, motokaa zilipokuwa ngeni duniani, serikali ya jimbo ilizikataza katika barabara zake zote. Barabara zilikuwa nyembamba, zilizotengenezwa kwa ajili ya magari ya farasi; motokaa zilitimua vumbi na kuwatisha wanyama; tena wenyeji walisema kwamba barabara wamezifanya kwa fedha yao wenyewe, basi kwa nini ziharibiwe na matajiri wapitao tu? Mtu aliyefika mpakani na motokaa yake alilazimika kuizima injini na kukodi farasi waikokote. Hebu fikirini: gari lenye nguvu ya farasi wengi likivutwa na farasi wawili! Mambo yakawa hivyo kwa muda wa miaka 25. Kura zilipigwa mara nyingi, na mara nyingi wenyeji walikataa. Hatimaye, mwaka 1925, walio wengi walikubali, na motokaa zikaruhusiwa.

Wengine huwacheka watu hao na kuwaita wajinga. Sisi hatuwacheki. Walikataa kwa sababu walizozijua, na walipokubali, walikubali kwa kura zao wenyewe. Tena wakati huo wote hawakukaa wamefungiwa. Mwaka 1904 njia ya gari la moshi ilifika St. Moritz, baada ya kupita katika matundu ya milima na juu ya madaraja marefu ya mawe. Hata leo njia ile yatumika, na mwaka 2008 ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa hiyo haikuwa kwamba hawakutaka kitu kipya chochote. Walichagua kipi kije mbele na kipi kingoje.

Tuendelee na safari. Tukiwa twakaribia kipito cha Julier, tutaona upande wa njia ziwa refu, la rangi ya kijani, limetulia kama kioo. Mgeni husimamisha motokaa hapo akapiga picha. Lakini ziwa hili halikuumbwa na mlima. Lilifanywa na watu. Chini ya maji yale palikuwa na kijiji, jina lake Marmorera, pamoja na kanisa lake, shule yake na mashamba yake. Mji mkubwa wa Zürich ulikuwa wahitaji nguvu za umeme, na mahali pale palifaa kwa kuzuia maji ya mto. Mwaka 1948 wanakijiji walipiga kura, na walio wengi wakakubali kuuza haki yao. Ukuta mkubwa wa udongo ukajengwa, na mwaka 1954 kazi ilikwisha, maji yakakifunika kijiji. Kijiji kipya, kidogo, kilijengwa juu zaidi kando ya ziwa.

Tusisahau jambo moja. Waliopiga kura ile walikuwa wanaume peke yao, kwa kuwa wanawake wa Uswisi walikuwa hawajapata haki hiyo. Hawakuipata katika mambo ya taifa mpaka mwaka 1971. Basi mama aliyepika katika jiko lililo leo chini ya maji hakuulizwa. Taa ziliwaka Zürich, na huenda ilikuwa bei ya haki; lakini palipo na maafikiano ya namna hii yafaa kuuliza siku zote, “Wote wameulizwa?”

Sasa tumefika juu ya kipito. Hapa hakuna miti, ila majani mafupi na mawe, na upepo wa baridi. Kando ya barabara zimesimama nguzo mbili fupi za mawe. Hizo ni masalio ya Warumi wa kale, waliopita hapa zamani sana. Barabara ya magari ilitengenezwa kati ya miaka 1820 na 1840, lakini njia ya miguu ni ya kale kuliko hesabu zetu. Na katika milima ya jirani pana kipito kingine, jina lake Lunghin, chenye ajabu yake: mvua ikinyesha pale, tone moja laweza kwenda kaskazini katika mto Rhine hata Bahari ya Kaskazini, tone la pili laenda mashariki katika mto Inn, likaingia Danube, likafika Bahari Nyeusi, na tone la tatu lashuka kusini, Italia, hata bahari ya Adria. Matone matatu ya wingu moja, na bahari tatu mbalimbali!

Tushuke basi. Njia yajipinda mara kadha wa kadha, na ghafula bonde lafunguka mbele yetu: bonde la Engadine. Maziwa yamefuatana ndani yake kama shanga katika uzi: Sils, Silvaplana, kisha St. Moritz. Bonde hili lilichongwa na barafu. Zamani za kale, theluji ilianguka mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka yote. Ya juu ikaigandamiza ya chini hata ikawa barafu ngumu. Na barafu ile, kwa uzito wake, ikaanza kutelezea bondeni polepole, imeshika mawe chini yake, ikikwangua mwamba kama randa ya seremala ikwanguavyo ubao. Hali ya hewa ilipopata joto, barafu ikarudi nyuma, na katika mashimo iliyoyaacha maji yakakaa.

Watu wa bonde hili wana lugha yao ya asili, Kiromanshi, iliyotokana na Kilatini cha Warumi wale wenye nguzo. Wanaoisema ni wachache, nao wamezungukwa na wenye lugha kubwa za Kijerumani na Kiitaliano. Hata hivyo mwaka 1938 Waswisi walipiga kura, wakaifanya kuwa lugha ya nne ya taifa lao. Katika lugha hiyo St. Moritz huitwa San Murezzan.

Nalo ziwa la St. Moritz ni dogo. Mtu mwenye miguu mizuri huweza kulizunguka kwa muda wa saa moja na kitu. Kina chake ni futi 144 hivi. Liko futi 5,800 juu ya bahari, na hapa wanafunzi wafungue ramani zao, maana urefu huo ni karibu sawa na urefu wa Nairobi. Basi kwa nini Nairobi hakuna theluji, na huku maji ya ziwa huganda hata farasi wakakimbia juu yake?

Sababu ni jua. Nairobi iko karibu na mstari wa ikweta, na jua la mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima. St. Moritz iko mbali kaskazini. Mwezi wa Desemba jua lake hupanda kidogo tu juu ya milima, na mchana wote ni wa saa 8 na nusu. Tena nuru yake huja kwa mshazari. Shikeni taa ya mkononi, mwelekeze nuru yake moja kwa moja juu ya meza; mtaona duara dogo lenye nuru kali. Kisha ilalisheni taa upande. Nuru ile ile yatandaa mahali pakubwa, ikawa dhaifu. Ndivyo jua la majira ya baridi lilivyo huko: joto lake hutandazwa mahali pakubwa, na usiku mrefu hulinyang’anya lile kidogo lililopatikana.

Na ziwa huganda kwa namna ya ajabu. Kwa kawaida maji yakizidi kupoa huzidi kuwa mazito, kwa hiyo maji baridi huzama na yenye joto hupanda. Lakini tukitumia kipimo ambacho maji huganda katika 0 na kuchemka katika 100, maji yafikapo digrii 4 huacha desturi hiyo; yakipoa zaidi huanza kuwa mepesi tena. Basi yale yaliyo baridi kabisa hubaki juu, nayo ndiyo hugandayo. Barafu ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea na kuwa kama dari la nyumba. Chini ya dari hilo maji hubaki maji, na samaki huishi hata masika yafike. Kama barafu ingekuwa nzito na kuzama, maziwa ya nchi za baridi yangeganda toka chini hata juu, na samaki wangekwisha.

Juu ya dari hilo la barafu watu hutembea, na tangu mwaka 1907 hufanya mashindano ya farasi katika mwezi wa Februari. Lakini hata barafu nene ina hatari. Mwaka 2017 maji yalipenya mahali penye ufa. Farasi walianguka katikati ya mbio, mpanda farasi mmoja akaumia vibaya sana, na mashindano ya siku ile yakakatizwa. Barafu haina mazoea na mtu.

Sasa tuuingie mji wenyewe na kuuliza: kijiji cha wachunga ng’ombe kilikuwaje mji wa wageni? Jambo la kwanza ni chemchemi. Pana maji yenye chuma yatokayo chini ya ardhi, na watu waliyajua tangu kale. Magogo yaliyotobolewa ili kuyakusanya maji hayo yameonekana, nayo yana umri wa zaidi ya miaka 3,400. Wagonjwa walikuja kuyanywa na kuyaoga. Lakini walikuja wakati wa joto tu. Theluji ilipoanza kuanguka waliondoka, na wenye nyumba za wageni wakafunga milango.

Jambo la pili ni la mtu mmoja, Johannes Badrutt, mwenye hoteli. Husimuliwa kwamba mwaka 1864, mwisho wa majira ya joto, aliwaambia wageni wake wanne wa Kiingereza, “Rudini wakati wa baridi. Msipopendezwa, nitawalipia gharama ya safari. Mkipendezwa, kaeni kama wageni wangu kadiri mpendavyo.” Waingereza waliona ni mzaha, maana kwao baridi ni ukungu na matope. Walivuka kipito cha Julier wamejifunika manyoya, na jua la mlimani likawachoma hata wakatoka jasho. Na huko chini Badrutt akawalaki amevaa shati bila koti. Wakakaa hata Pasaka. Sisi twasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Badrutt hakuwapa jembe, nao waliporudi kwao wakamlipa kwa midomo yao. Walizieneza habari, na wengine wakaja mwaka uliofuata. Hiki ndicho kisa cha kufaa kukumbukwa: kitu ambacho wenyeji walikihesabu kuwa hasara, yaani theluji, mtu mmoja alikitambua kuwa mali.

Tangu hapo mji ulikua upesi. Taa za umeme ziliwaka katika hoteli yake kabla ya mahali pengi pa Ulaya kuzijua. Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilifanywa pale mwaka 1928, na tena mwaka 1948, ikiwa ya kwanza ya namna yake baada ya Vita Kuu ya Pili. Wahenga wetu walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone, na hakika wenyeji wa St. Moritz walipona kwa wageni.

Lakini kila dawa ina uchungu wake. Matajiri walipenda kujenga au kununua nyumba za kukaa majuma machache tu kwa mwaka. Bei ya viwanja na nyumba ikapanda katika vijiji vingi vya Alpi, hata mwalimu, seremala na mtumishi wa hoteli wakaona taabu kupata pa kulala katika vijiji wanavyovihudumia. Na madirisha mengi yakawa yamefungwa sehemu kubwa ya mwaka. Mwaka 2012 Waswisi walipiga kura kuweka sheria kwamba nyumba za namna hiyo zisipite 20 katika kila 100 za kijiji. Wengi wa watu wa milimani waliipinga, wakisema kwamba kazi za ujenzi ndizo riziki yao. Walio wengi katika nchi waliikubali. Hata leo wako wanaobishana juu yake. Mgeni humponya mwenyeji, lakini mwenyeji asipojihadhari hujikuta yeye ndiye mgeni.

Kabla hatujarudi, tufanye mwendo mfupi zaidi, hata upande wa pili wa kijiji cha Pontresina. Hapo mto wa barafu uitwao Morteratsch hushuka kutoka milima ya Bernina. Njia ya miguu yaelekea kwenye barafu, na kando yake vimewekwa vibao vyenye miaka. Kila kibao chasema: mwaka huu barafu ilifika hapa. Mtu hupita kibao baada ya kibao, na barafu bado iko mbali mbele yake. Tangu karne ya 19 imerudi nyuma zaidi ya maili moja, kwa sababu hewa ya dunia inazidi kupata joto, nasi wanadamu, kwa moshi wa makaa na mafuta tuyachomayo, ndio tuliozidisha joto hilo. Sisi wa Afrika Mashariki tusidhani kuwa hayo ni ya mbali. Barafu ya Kibo, juu ya Kilimanjaro, nayo imepungua kwa zaidi ya robo tatu tangu mwaka 1912.

Hapa pana neno gumu kwa watu wa St. Moritz, na kwa wote. Motokaa waliweza kuzikataa miaka 25. Nyumba tupu waliziwekea sheria. Lakini joto la hewa halisimami mpakani likangoja kura ya kijiji. Wenye kuliamua ni watu wote wa dunia pamoja, nao bado hawajakaa baraza moja wakapatana kwa dhati. Mji uliotajirika kwa theluji unaitazama theluji kama mkulima anavyotazama wingu.

Basi, wasikilizaji wetu, tumefika mwisho wa safari. Siku mtakapopita katika barabara mpya ya kwenu, au mtakapoona mgeni akipiga picha ziwa lenu au mlima wenu, kumbukeni farasi waliokokota motokaa, na kijiji kilicho chini ya maji ya kijani, na Badrutt aliyevaa shati katika theluji. Ulizaneni ninyi kwa ninyi: Kitu hiki kinatuletea nini? Kinachukua nini? Na wote wameulizwa, hata yule mama aliye jikoni? Wanafunzi watafute St. Moritz katika ramani, kisha wapime kwa taa na meza kama tulivyoeleza, wamwonyeshe mwalimu wao.

Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena.